Pumba za Saa Kumi

Mama Katungu alinipigia simu asubuhi nikiwa nafua, mikono imejaa povu mpaka kwenye kiwiko, na binti yangu Gloria ndiye aliyenishikia simu kwenye sikio. Mama Katungu ni mke wa tajiri niliyemfanyia kazi mwaka mmoja na ushei kule Kasungami, nje kidogo ya Lubumbashi, nikiwa msichana aliyetoka shule. "Jambo, Mama Gloria. Ile farasi ilikufa," alisema. "Baridi ya juzi iliimaliza. Ilizeeka." Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu wa avenue hii tunayokaa wananijua: mimi ni mwanamke wa hasira, siyo wa machozi. Nilipokataliwa sikulia, nilipofukuzwa sikulia, nilipozaa niliwatukana wauguzi lakini sikulia. Kwa farasi yule nililia mpaka Gloria akaiweka simu chini akakimbia kuniletea maji ya kunywa. Nilipoichukua tena, Mama Katungu alikuwa bado ananingoja. Aliteremsha sauti: "Na kuko maneno ingine. Désiré iko anakutafuta. Kama anafika kwako, umusikilize kwanza, ndipo umufukuze." Machozi yalikauka palepale. Jina lile linanikausha kuliko taulo.

Basi nauandika mwaka ule mimi mwenyewe, kabla Désiré hajaanza kuusimulia kwa mdomo wake mzuri. Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, maana hao hawamo. Ilikuwa kipwa, miezi ile ya ukavu na baridi. Nilikuwa nimemaliza examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, nangoja matokeo, na mama mdogo wangu Bea, aliyekuwa mpishi kwa Papa Kasereka, mume wa Mama Katungu, alinichukua nimsaidie jikoni. Papa Kasereka alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo: malori ya unga, sabuni na mafuta, na depo mjini iliyoitwa Ebenezeri. Kasungami alikuwa na ferme, shamba lenye ukuta mrefu, kuku, mahindi, nyumba ya vyumba vingi visivyolalwa na mtu, na farasi mmoja wa kijivu aliyemnunua kwa mzungu aliyekuwa anahama. "Hata Sulemani alikuwa na bafarasi," alizoea kuwaambia wageni wa kanisa, na farasi naye akampa jina la depo. Wafanyakazi walilifupisha: Ebe. Mzee aliyekuwa anamtunza alitaka kurudi kwao Kilwa, si ile ya pwani, akazeekee kando ya ziwa. Désiré, gérant, msimamizi wa ferme, aliniona mlangoni nikichekecha unga, akasema, "Weye si umesoma? Basi soma farasi." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Walinipa chumba kilichokuwa stoo ya matandiko, na kati yangu na Ebe palikuwa na ukuta wa mbao tu, wenye nyufa za kupitisha kidole. Chumba kilinuka ngozi, pumba za mahindi na mkojo mkali wa farasi, na baada ya juma moja sikuisikia harufu hiyo tena, ila mama mdogo Bea aliisikia kila nilipoingia jikoni, akanisogeza na mwiko. Baridi ya Lubumbashi mtu wa nje haiamini. Upepo wa mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye meno. Yule mzee wa Kilwa, kabla hajaondoka, alinionyesha kushika masikio ya farasi kila alfajiri: yakiwa baridi kwenye ncha, si neno, lakini yakiwa baridi mpaka kwenye shina, farasi mwenyewe ameingiwa na baridi. Nilimshonea blanketi kwa magunia na shuka nzito kuukuu, nikalifunga kifuani kwa kamba za viatu. Nilipasha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikayachanganya na yale ya bombani yaliyokuwa makali kama chuma, kwa sababu farasi hapendi maji ya baridi, na asipokunywa tumbo linafunga, na tumbo la farasi likifunga linaua. Jua likishapanda ukuta nilimvua blanketi, nikampiga brashi mpaka vumbi likatoka mawingu, na yeye akafumba macho na kulegeza mdomo wa chini ukaning'inia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniamini hivyo. Hata leo naona mikono yangu ilijifunza kulea pale, miezi mingi kabla ya kupewa mtoto.

Mbabula yangu ndiyo ilimleta Désiré. Alikuja jioni kuota moto, na beignets, maandazi ya moto ndani ya karatasi, akiniita "Mademoiselle Diplôme". Alijua kusikiliza. Alijua kuuliza farasi amekulaje leo, halafu mimi nimekulaje. Alikuwa na masikio yaliyotoka nje kama mikono ya sufuria, na alijicheka mwenyewe kwa ajili ya hayo masikio, jambo ambalo linampofusha msichana haraka sana. Yaliyofuata sitayaeleza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kipwa kile kilikuwa kirefu.

Mwezi wa tisa joto lilirudi kwa mara moja. Mijakaranda ya mjini ilichanua, lakini kwetu Kasungami kilichoonekana ni moshi: watu walikuwa wanachoma majani, majivu meusi yakaanguka uani, kwenye nguo, kwenye bukari, ugali wetu. Ebe alikohoa. Nikaanza kulowanisha nyasi zake kabla ya kumpa, na kumwosha macho kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Na mimi asubuhi nikawa natapika nyuma ya banda, yeye akinyoosha shingo juu ya mlango kuniangalia. Nilimwambia Désiré kwanza peke yake. Alisema tutazungumza kesho. Kesho alikwenda mjini. Kesho nyingine alikwenda Kipushi kwa mama yake. Ndipo mama mdogo Bea akafunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, akanipeleka barazani saa ya mchana, wafanyakazi wote wakiwa wamekaa mbele ya bukari na tomson, samaki yule wa barafu tuliyekula karibu kila siku.

"Désiré," alisema mama mdogo, "huyu mutoto wetu iko na mimba yako. Tumekuya tusikilizane."

Désiré alimaliza kutafuna. Alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani, taratibu. "Mimba yangu? Mama Bea, huyu analalaka wapi? Si kwa farasi?" Akageuka kuwatazama wenzake. "Basi muulize farasi."

Walicheka. Muhindo, mlinzi wa mlango, alicheka mpaka tonge likamwingia vibaya, ikabidi wampige mgongoni. Mama mdogo Bea aliinua sahani ya Désiré, samaki na yote, akaenda nayo jikoni, akawapa mbwa. Mimi nilirudi bandani nikasafisha kwato za Ebe. Ule mguu unaukunja, unaukumbatia juu ya goti lako, unachimba uchafu kwa chuma kilichopinda. Nilisafisha zote nne, halafu nikaanza tena ya kwanza, na kila nilipochimba nilijua nachimba nini. Wengi wamenishauri tangu siku ile nisamehe, hasa wanawake wa kanisa, kwa sauti za huruma. Hawakuwa barazani. Niseme wazi nilitaka nini, ili mtu asifikiri nililia ndoa: kuolewa na yule ningeolewa kwa nini? Nilitaka kitu kimoja. Aseme. Kwa mdomo uleule, mbele ya watu walewale, kwamba mtoto ni wake.

Désiré alitaka niondoke juma lilelile. Mama Katungu alikataa. Alikuja kutoka mjini, akasimama katikati ya uwanja na mkoba wake kwapani, akasema, "Mwenye mimba hafukuzwe ku mulango yangu. Mungu anaona." Hakuniuliza ni ya nani. Katika nyumba ile kuomba kulikuwa kwingi na kuuliza kulikuwa kidogo. Nikabaki. Désiré alipita mbele ya banda bila kunitazama, na siku za Jumapili asubuhi tu alikuja kumpanda farasi, akizunguka barabara za Kasungami ili wasichana wamwone, kisha akaniachia hatamu mkononi kama anayetundika koti msumarini.

Mwezi wa kumi ndio mbaya kuliko yote. Mvua haijaja, jua linagonga bati, na mnyama anasimama kivulini kichwa chini, hataki chakula. Nilimwosha Ebe kwa sifongo, kwanza miguu, kisha tumbo, kisha shingo, maana ukimwagia mgongo wenye joto maji kwa ghafla unamshtua. Nikaanza pia kumpa pumba zilizolowanishwa, chumvi kidogo na kipande cha muwa kilichokatwakatwa, saa kumi, kivuli cha ukuta kinapofika kwenye birika. Nilisimama mwisho wa uwanja na kitenge changu cha manjano, nikagonga sahani ya bati kwa kijiko. Siku za kwanza alikuja akisuasua. Baada ya muda alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili wa mahindi, singa zinapepea, vumbi nyuma yake, na anasimama mbele yangu na kutia pua ndani ya sahani. Nilifanya vile kwa sababu alikuwa amekonda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mwanzoni ilikuwa matunzo tu.

Siku moja Muhindo, yule wa tonge, aliniomba apande farasi, aone kunakuwaje kuwa mkubwa. Nikamruhusu. Alizunguka uwanja akipiga saluti kwa kuku. Kivuli kikafika kwenye birika, nikasahau kama yuko juu, nikagonga sahani. Ebe aligeuka. Muhindo alivuta hatamu kwa mikono miwili, akasimama karibu kwenye vikuku vya tandiko, akapiga kelele, "Solange! Solange! Iko inanipeleka wapi?" Farasi alimleta mpaka mbele yangu kama mtu anayeleta kifurushi. Muhindo alishuka akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Ebe akila, na kitu ndani yangu kilitulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya baraza.

Toka siku ile, ilikuwa kazi. Mvua ilipoanza, mwezi wa kumi na moja, kila mtu alikimbilia ndani saa za alasiri, na mimi nilimpandisha Muhindo juu ya farasi, nimefunga plastiki kichwani, tumbo linaanza kunitangulia. "Vuta zaidi," nilimwambia. "Vuta kama hutaki kabisa kuja." Alivuta kushoto, farasi akaja kulia. Alimpiga visigino, farasi akaja vilevile. "Weye unafundisha hii nyama nini?" aliniuliza. Nikamjibu, "Namufundisha kusikia." Hakuuliza tena. Nafikiri alielewa mapema kuliko alivyoonyesha, na kwamba lile tonge lilikuwa bado limemkwama.

Mvua ina kazi zake. Matope ya Kasungami ni mekundu na yanang'ang'ania; farasi akisimama ndani yake siku nzima, kwato zinalainika na kuoza katikati, zinanuka jibini. Kila jioni nilizikausha kwa kitambaa, nikatia majivu ya mbabula, na mara moja kwa juma nikazipaka mafuta ya mawese zikang'aa. Nilitafuta kupe kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, sehemu ambazo farasi hamwachii mgeni. Kabla ya magharibi nilimwingiza ndani na kuwasha moshi wa mavi makavu mlangoni, kwa sababu ya wadudu wadogo wanaotoka kwenye majimaji jioni na wanaleta ugonjwa unaomwua farasi kwa siku chache. Tulikaa katika ule moshi wote wawili, macho yanatoka machozi, yeye ameweka kidevu begani kwangu. Mama mdogo Bea alituletea uyoga uliokaangwa, na matunda ya masuku, ya kwanza ya mwaka. Alikaa juu ya gunia, akatema mbegu, akasema, "Huyu mutoto wako atazaliwa na mukia." Tukacheka mpaka tumbo likaniuma. Kumbe mtu anaweza kuwa na furaha na chuki ndani ya chumba kimoja, na vyote viwili vikanenepa.

Gloria alizaliwa mvua zikiishia, mwezi wa nne. Nilirudi bandani naye siku chache baadaye, nikamfunua uso mbele ya Ebe. Farasi alimnusa kichwa kwa muda mrefu, pumzi yake ikapeperusha vinywele vya mtoto. Halafu nikamfunga mgongoni na kitenge kilekile cha manjano na kurudi kugonga sahani yangu. Ebe alizoea: sahani, kitenge, halafu, baada ya pumba, kunyoosha shingo nyuma yangu na kugusa miguu ya mtoto kwa mdomo. Gloria alikuwa na masikio ya mtu ninayemjua. Hakuna kofia iliyoyafunika.

Kipwa cha pili kilipokwisha, habari ya harusi niliisikia jikoni. Mama Katungu alikuwa amekuja na dada zake wawili kuchambua maharage na kupanga, nami nilikuwa chini, nyuma ya gunia la makaa, nachochea moto. Désiré atamwoa Kahindo, mpwa wa Mama Katungu, aliyeletwa kutoka Butembo. Msichana wa kwaya, walisema, mwenye adabu, haangalii mtu machoni. "Na cortège, musafara wa arusi?" aliuliza mmoja. "Bwana-arusi anataka kuya juu ya farasi," alisema Mama Katungu, na sauti yake ilionyesha hakupenda. "Mbele ya mamotokari yote, na fanfare ya tarumbeta. Anasema hakuna mwengine katika Lubumbashi mwenye kufanya vile." Wakacheka. "Saa ngapi?" "Kanisa saa nane. Kisha cortège inapita hapa Kasungami, bantu baone, mpaka kwa salle ya karamu. Inaweza kuwa saa kumi." Mama mdogo Bea alikuwa anasonga bukari. Mwiko ukasimama. Alinitazama juu ya sufuria, muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Solange, ongeza moto."

Juma la harusi Désiré alikuja bandani. Ilikuwa mara ya kwanza ananisemesha tangu baraza. Hakumtazama mtoto aliyekuwa analala juu ya nyasi, alitazama farasi. "Umupambe muzuri. Ribani nyeupe kwa shingo. Na weye, ile siku, ubakie ndani. Sitaki kuona ile kitenge yako inazunguka mbele ya bantu." Nikamjibu, "Ndiyo, patron." Nilimpamba. Nilimwosha Ebe kwa sabuni ya Papa Kasereka, nikamsuka singa mpaka vidole vikafa ganzi, nikampaka kwato mafuta. Na sikumnyima chakula, wala siku ile wala siku ya kabla. Wako waliosema nilimshindisha njaa. Ni uongo. Alikula asubuhi, alikula mchana. Sikuhitaji njaa yake.

Saa kumi ilipokaribia siku ya harusi nilisimama barabarani, Gloria mgongoni ndani ya kitenge cha manjano, mahali njia inapopinda mbele ya ukuta wa ferme. Mvua mpya za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeanza, asubuhi ilinyesha, madimbwi mekundu yamejaa. Watu walipanga mstari pande zote. Fanfare ilitangulia, kisha farasi wangu, mzuri mpaka nikasikia uchungu, na juu yake Désiré ndani ya suti nyeupe, anapungia watu mkono, na nyuma yake magari yanapiga honi. Nilingoja wapiga tarumbeta wavute pumzi. Nikagonga sahani.

Nilimwona Ebe anageuza masikio kwanza, kisha kichwa, kisha mwili mzima. Désiré alivuta. Alivuta tena, mkono mmoja bado uko juu unapunga. Farasi aliacha njia, akapita kati ya mpiga ngoma na mchungaji, akavuka dimbwi bila haraka, watu wakajitenga, na akaja kusimama mbele yangu. Alitia pua ndani ya sahani. Fanfare ilikatika kipande kipande. Alipomaliza, alinyoosha shingo nyuma ya bega langu na kugusa miguu ya Gloria, na Gloria akacheka kwa sauti, kile kicheko cha mtoto ambacho kinasikika mbali.

"Toka!" Désiré alisema kwa meno. "Toka hapa, nitakuumiza."

"Barabara ni ya bantu bote," nikamwambia. "Sema tu, nitatoka."

Mlango wa gari la maua ulifunguka. Kahindo alishuka, ameinua gauni kwa mikono miwili, akaja mpaka karibu. Yeye waliyesema haangalii mtu machoni alimwangalia mtoto. Aliangalia masikio ya mtoto. Halafu aliinua uso, akaangalia masikio ya bwana-arusi. "Huyu mutoto iko wa nani?" aliuliza.

Kutoka mlango wa ferme ikatoka sauti ya Muhindo: "Tumekwisha kuuliza farasi!"

Sijui kama mmewahi kusikia Kasungami nzima inacheka. Walicheka wanawake waliokuwa na mabeseni kichwani, walicheka wapiga tarumbeta, walicheka hata wazee wa kanisa waliokuwa wamefunika midomo kwa Biblia. Désiré alimpiga Ebe visigino, Ebe hakuondoka. Ikabidi ashuke. Alishukia ndani ya dimbwi, na suti ikawa nyekundu mpaka magotini. Alimshika Kahindo mkono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Simujue huyu mwanamuke. Iko mwenye wazimu wa mu ferme." Akaenda kwa miguu, viatu vinapiga maji, mke wake nyuma yake akigeuka kututazama.

Harusi haikuvunjika. Watu wananiuliza hilo kila mara, wakitarajia nitasema Kahindo alivua pete. Hakuvua. Walikula wali, walicheza, walipigwa picha kuanzia kiuno kwenda juu. Kesho yake Papa Kasereka aliagiza niondoke, na Mama Katungu mwenyewe alinisindikiza mpaka kwenye teksi, amembeba Gloria. Ebe aliita kutoka bandani, mara nyingi. Sikugeuka kwa sababu ningerudi. Kwa miaka Désiré hakuweza kupita Kasungami bila watoto kumlilia kama farasi, na nilipopata habari hiyo nililala vizuri. Hata leo nikiikumbuka nalala vizuri. Lakini nilikuwa nimepata kicheko, sikupata neno. Nilirudi mjini na mtoto ambaye baba yake alimkana mara mbili, mara moja kwenye sahani ya samaki na mara moja kwenye dimbwi, na kila mwaka wa shule mwalimu anapomuuliza Gloria jina la baba, mtoto anaangalia dirishani.

Siku chache baada ya ile simu, Jumamosi alasiri, Désiré alikuja kweli. Amenenepa. Viatu vimepigwa rangi, gunia la mchele liko kwenye pikipiki aliyokodi. "Ma sœur Solange, dada yangu," alisema langoni, kama tuliachana jana vizuri. Nilifuata neno la Mama Katungu: nilimsikiliza kwanza. Kanisa lake linataka kumweka awe mzee wa kanisa. Wachungaji wamesikia mambo ya zamani. "Weye ubaambie tu tulishapatana. Kimya-kimya. Mimi nitasaidia mutoto."

"Mutoto gani?"

Alikohoa. "Si unajua."

"Miye najua. Mutoto wa nani?"

"Solange..." Alisogea karibu, akanong'ona. "Bon. Ni wangu. Kati yetu, ni wangu. Ni muzuri vile?" Na akageuza kichwa kuangalia barabarani, kama kuko mtu aliyesikia.

Nilifungua lango, upande mmoja, kisha upande wa pili, ule ambao hatuufungui ila kwa kilio au mahari. Nikatoka katikati ya avenue. "Mama Béni!" niliita. "Papa Trésor! Ya Mado, acha hiyo nguo, ukuje! Mukuje bote, kuko muntu anataka kusema maneno!" Kwetu mtu akiita hivyo hakuna anayeuliza kwanza, wanakuja na viti. Walikuja na viti vya plastiki, na mabenchi, na mmoja na bukari yake mkononi. Mwenye pikipiki alizima injini, akashusha gunia la mchele, naye akakaa juu yake. Désiré alisema, "Solange, hapana, si hivi," lakini lango lilikuwa limejaa.

Gloria alitoka ndani, kalamu nyuma ya sikio lake. Aliwatazama watu, akamtazama yule mwanamume aliyesimama katikati, peke yake, anajifuta jasho.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikamwekea kiti cha mbele.

"Kaa," nilimwambia. "Anaanza kusema."